Monita za masikioni, za kupimwa au za dukani: ulinganisho kwa waimbaji na wapiga vyombo wa Nairobi

Mwimbaji anapoinua kidole kuniomba nimwongezee besi katikati ya wimbo, mara nyingi si besi iliyopungua kwenye miksa, bali ni monita yake, kile kispika kidogo cha sikioni kinachomletea sauti yake na ya wenzake, iliyoachia. Nimesimama nyuma ya miksa, meza ya kuchanganyia sauti, kwa miaka kadhaa, katika makanisa ya Ngara na Kasarani na katika kumbi za hoteli katikati ya jiji, na nimejifunza kutazama taya la mwimbaji kabla sijagusa kitufe chochote. Akifungua kinywa kwa noti ya juu na uso wake ukabadilika ghafla, najua kwamba upande mmoja umeingiza hewa, besi imetoroka, na kilichobaki sikioni ni mlio mwembamba kama wa redio ndogo. Nikimwongezea besi wakati huo nitamkosea, kwa sababu atakapofunga kinywa monita itaziba tena, na besi yote niliyoongeza itamvamia kwa mpigo mmoja.

Nimeanza na jambo hilo kwa sababu kila mwezi hupata mtu anayeniuliza ni monita zipi zenye sauti bora, za kupimwa au za dukani, naye huwa tayari ameshasoma juu ya idadi ya spika zilizomo ndani na bei zake. Swali la sauti ni halali, lakini halijibiki kabla ya swali la mkao. Spika ileile, ikikaa vizuri katika sikio moja na kulegea katika jingine, itawafanya watu wawili waaminifu watoe ushuhuda unaopingana.

Ninaposema monita za dukani nina maana ya zile zenye umbo moja kwa watu wote, zinazouzwa pamoja na ncha za silikoni au za sponji za saizi mbalimbali. Za kupimwa ni zile zinazotengenezwa kwa kufuata umbo la masikio ya mtu mmoja, kama suti ya kushonesha kwa fundi. Aina zote mbili zina undugu na tiba ya masikio, kwa kuwa spika ndogo zinazotumika katika nyingi kati yake zilibuniwa kwa ajili ya vifaa vya kusaidia kusikia. Kampuni ya Etymotic Research ya Marekani ilitoa ER-4, yenye ncha za kubadilisha, mwaka 1991; na mwaka 1995 Jerry Harvey, aliyekuwa fundi mitambo wa bendi ya Van Halen, alianza kumtengenezea mpiga dramu wa bendi hiyo monita za kupimwa, kazi iliyozaa kampuni ya Ultimate Ears.

Mkao: mahali besi inapopatikana au kupotea

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa karibu sentimita 2.5, nao haukunyooka, bali una mikunjo miwili kabla ya kufika kwenye kiwambo, ile ngozi nyembamba ya ndani inayotikiswa na sauti. Theluthi ya nje imezungukwa na gegedu, hivyo hunyumbuka. Sehemu ya ndani imezungukwa na mfupa. Kichwa cha mfupa wa taya kiko mbele tu ya mfereji huo, na kila unapofungua kinywa kinasogea na kuiachia ile sehemu ya gegedu nafasi ya kupanuka. Ukitaka kulihisi jambo hili mwenyewe, tia ncha ya kidole kidogo sikioni, kisha imba irabu ya "a" kwa kinywa kilichofunguka kabisa, halafu funga. Mfereji unatembea chini ya kidole chako.

Monita hutoa besi kwa kuisukuma na kuivuta hewa ndogo iliyofungiwa kati yake na kiwambo. Hewa hiyo ikipata mwanya, hata wa unene wa unywele, sauti za chini ndizo zinazotoroka kwanza, huku za juu zikibaki karibu kama zilivyokuwa. Ndiyo maana mtu ambaye monita yake haijaziba hasemi kwamba haisikii. Husema kwamba ina sauti kali, au kwamba gitaa la besi limezimwa, au kwamba kifaa chenyewe ni hafifu. Nimewahi kuletewa jozi ya dukani ili niitafutie mnunuzi kwa sababu "haina besi", nikabadilisha ncha za silikoni za wastani na kuweka kubwa, na mwenyewe akaondoka nayo akiwa na furaha.

Hapa ndipo aina hizi mbili zinapotofautiana kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Ncha ya sponji, ikiviringishwa kwa vidole mpaka iwe nyembamba, ikaingizwa huku mkono wa pili ukivuta sikio juu na nyuma, kisha ikashikiliwa hadi ifure, huujaza mfereji na kuendelea kuufuata unapopanuka. Monita ya kupimwa iliyotengenezwa kwa akriliki, aina ya plastiki, haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa ni ngumu kama kucha. Nguvu yake iko kwingine: inashika mfereji hadi mkunjo wa pili na pia inajaza kikombe chote cha sikio, kwa hiyo haizunguki, haivutwi na uzito wa waya, wala haisukumwi nje na jasho. Mwimbaji anayecheza jukwaani kwa saa mbili anaweza kupoteza ncha ya dukani mara tatu, lakini ya kupimwa haitaanguka. Hata hivyo inaweza kuvuja bila kuanguka ikiwa umbo lilichukuliwa vibaya, na kuvuja kwa namna hiyo hakurekebishiki kwa kubadilisha ncha, kwa sababu ncha haipo.

Hilo lilinipata mimi mwenyewe. Jozi yangu ya kwanza ya kupimwa ilikuwa ya akriliki, na umbo la masikio yangu lilichukuliwa nikiwa nimefunga kinywa, jinsi linavyochukuliwa mara nyingi kwa ajili ya vifaa vya kusaidia kusikia. Nikiwa nimeketi nyuma ya miksa nikisikiliza tu, ilikuwa kamilifu. Siku niliposimama kuimba sauti ya pili, upande wa kushoto uliachia kila nilipofika kwenye irabu pana, ukaziba tena nilipofunga, kama mlango unaopigwa na upepo. Nilizirudisha kwa mtengenezaji pamoja na umbo jipya, nikakaa wiki nyingi bila monita, nikaazima jozi ya dukani ya mwenzangu yenye ncha za sponji, na kwa muda huo wote sikuwahi kupoteza besi hata siku moja. Sikuichukia ya kupimwa kwa sababu hiyo, na mpaka leo naitumia. Nilichojifunza ni kwamba aina moja inakupa nafasi ya kujaribu mpaka ufaulu, na nyingine inataka ufaulu siku ya kwanza, ukiwa umeketi kwenye kiti cha mtaalamu wa usikivu.

Kuna pia monita za kupimwa za silikoni laini, ambazo hunyumbuka kidogo pamoja na taya na kwa mwimbaji zina faida ya wazi. Ubaya wake ni kwamba ni vigumu kuzifungua na kuzikarabati, ilhali akriliki ikipasuka huweza kuzibwa na kung'arishwa upya.

Sauti: usihesabu spika

Ndani ya monita hizi mna spika za aina mbili hasa. Spika ya dainamiki ni ile ya kawaida iliyopunguzwa ukubwa, yenye koili na utando, nayo huweza kutoa besi pana kwa spika moja tu. Spika ya amacha ina kijiti cha chuma kinachotikiswa katikati ya sumaku, ni ndogo kuliko punje ya maharage, na ina wepesi unaoleta sauti za kati na za juu kwa usafi mkubwa. Lakini moja peke yake hupata shida kubeba masafa yote, yaani sauti za chini kabisa hadi za juu kabisa, ndiyo maana watengenezaji huweka mbili, nne, nane au zaidi na kugawanya masafa kati yao. Matangazo huhesabu spika hizo kana kwamba nyingi zaidi ni bora zaidi. Kila spika inayoongezwa huleta mpaka mwingine ambapo masafa hukabidhiwa kutoka moja hadi nyingine, na mpaka uliopangwa vibaya husikika kama sauti ya mwimbaji iliyopasuka kati. Nimesikia jozi ya spika tatu iliyoshikamana vizuri kuliko ya spika nane, na kama ningekuwa ninanunua leo kwa ajili ya kuimba, ningetazama jinsi sauti za kati zinavyokaa kabla ya kuuliza idadi.

Jambo ambalo ni la kupimwa dhidi ya la dukani kwa kweli, upande wa sauti, ni kina. Sikio likizibwa, hewa iliyobaki kati ya monita na kiwambo huvuma kwa masafa fulani, kwa kawaida karibu herzi 8,000, na masafa hayo hupanda au kushuka kulingana na jinsi monita ilivyoingia ndani. Hapo ndipo penye makali ya herufi "s" na matoazi. Ukiivaa ya dukani kwa kina tofauti Alhamisi kwenye mazoezi na tofauti Jumapili kwenye ibada, matoazi yatakuwa yamehama, na utaniambia kwamba nimebadilisha miksi, ule mchanganyiko wa sauti ninaokupa, wakati sikugusa kitu. Ya kupimwa huingia mahali pamoja kila siku, miaka nenda miaka rudi. Kwangu mimi kama fundi mitambo hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuipenda: miksi ninayomhifadhia mpiga kinanda siku ya mazoezi ndiyo atakayoisikia siku ya kazi. Uthabiti huo ni tofauti na uzuri wa sauti, na watu wengi huuchanganya na uzuri.

Kuna kitu kingine kinachobadilisha sauti bila mnunuzi kujua, nacho ni mahali anapochomeka. Monita zenye spika nyingi za amacha zina ukinzani mdogo wa umeme unaopanda na kushuka kulingana na masafa. SE846 ya kampuni ya Shure, kwa mfano, imetajwa kuwa na ukinzani wa omu 9. Ukiichomeka kwenye kipokezi (kile kidude cha kiunoni kinachopokea sauti bila waya) cha bei nafuu au kwenye tundu la miksa lenye ukinzani mkubwa wa kutolea, sauti yake hupinda: pengine besi hujaa, pengine sauti za juu hufifia. Monita ya spika moja ya dainamiki kama SE215 ya kampuni hiyohiyo haisumbuliwi sana na hilo. Vilevile monita nyepesi sana kuitikia husikika zikivuma "shhh" kwenye kipokezi kisichotulia. Kwa hiyo kanisa lenye vipokezi vya bei ya chini, likinunua monita za kupimwa za bei kubwa, linaweza kusikia mvumo zaidi kuliko lilivyosikia kwa zile za zamani. Ningeanza na kipokezi.

Kuzuia kelele, na sauti yako mwenyewe kichwani

Watu hudhani kwamba ya kupimwa lazima izuie kelele kuliko ya dukani. Takwimu za watengenezaji wenyewe hazisemi hivyo. Shure hutaja hadi desibeli 37 kwa SE215 ikiwa na ncha zinazofaa, na Ultimate Ears hutaja desibeli 26 kwa monita zake za kupimwa. Tarakimu hizo hazikupimwa kwa njia moja, nami nisingezilinganisha kama bei za sukari, lakini zinalingana na ninachokisikia: sponji nzuri, iliyoingia kwa kina, hunyamazisha dramu kuliko akriliki. Tofauti ni kwamba sponji huchakaa, na ile ya mwezi wa pili haizuii kama ya wiki ya kwanza.

Kinga ya masikio hutegemea kitu kimoja zaidi. Kanuni za kelele mahali pa kazi zilizotolewa Kenya mwaka 2005 zinaweka ukomo wa desibeli 90 kwa saa nane. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ina ukali zaidi, desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda hupunguzwa nusu, hivyo kwamba desibeli 100 zinaruhusiwa kwa dakika 15 tu. Mpiga dramu katika ukumbi mdogo anaweza kufika huko kabla wimbo wa nne haujaisha. Monita inayoziba humpa nafasi ya kupunguza sauti. Asipopunguza, amehamisha hatari kutoka nje hadi ndani. Na yule anayetoa upande mmoja ili asikie watu, ambaye namwona karibu kila Jumapili, hujiumiza mara mbili: sikio lililo wazi linapigwa na jukwaa, na lililozibwa linaongezewa sauti kwa sababu ubongo unaposikia kwa sikio moja huona kila kitu kimepungua.

Kwa nini wanatoa upande mmoja? Sababu mbili, na zote zinahusu uchaguzi huu. Ya kwanza ni kwamba wanajisikia wamefungiwa: mchungaji ametania, waumini wamecheka, na mwimbaji ameona midomo tu. Ya pili ni kwamba sauti yao wenyewe huvuma kichwani kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Mvumo huo hutokea kwa sababu sauti ya koo husafiri kupitia mifupa na kutikisa ile sehemu ya gegedu, na sikio likizibwa juujuu sauti hiyo hukosa pa kutokea. Monita inayoingia ndani hadi kwenye sehemu ya mfupa hupunguza mvumo huo sana. Hapa ya kupimwa iliyotengenezwa fupi ndiyo mbaya kuliko zote, na ya dukani yenye ncha ndefu huishinda. Anayeagiza ya kupimwa kwa ajili ya kuimba aandike wazi kwamba anataka mfereji mrefu.

Kuhusu kufungiwa, baadhi ya za kupimwa zina tundu la kupitisha hewa kwa makusudi. Kampuni ya 64 Audio, kwa mfano, hutumia vidude vya kubadilisha, kimoja kikizuia desibeli 20 na kingine 15. Kwa mwimbaji wa kwaya ni jambo jema. Kwa mpiga dramu ningelikataa kabisa. Njia rahisi zaidi, ambayo makanisa yetu huisahau, ni kuweka maikrofoni mbili zikitazama waumini na kuzipitisha kwenye monita tu, bila kuzitoa kwenye spika kubwa; hapo hata mwenye jozi ya dukani husikia "Amina" mahali pake.

Saa ya tano ya kesha

Mkao wa dakika kumi dukani hauelezi lolote kuhusu kesha linaloanza saa tatu usiku na kwisha saa kumi na moja alfajiri. Ncha ya silikoni iliyo kubwa kidogo haikuumi katika wimbo wa kwanza, lakini ifikapo saa nane usiku inabana mfereji kutoka ndani kwa nguvu ileile iliyoifanya izibe vizuri. Sponji ni laini zaidi, ila hunyonya jasho na kuwasha. Ya kupimwa iliyokaa sawasawa husambaza mgandamizo wake kwenye sikio zima, na hapa, kwa maoni yangu, ndipo inapostahili bei yake bila ubishi. Nimeivaa usiku kucha nikasahau kwamba ninayo. Lakini ikiwa na hata nundu moja isiyolingana, nundu hiyo itakutafuta mahali palepale kila mara mpaka pawe pekundu, na hakuna dawa ila kuirudisha ikasagwe.

Kuchukua umbo la sikio hapa mjini

Kliniki za usikivu za Nairobi huchukua umbo la masikio kila siku kwa ajili ya vifaa vya kusaidia kusikia, kwa hiyo kazi yenyewe haihitaji kusafiri. Kinachohitajika ni kumweleza mtaalamu mapema kwamba hili ni la monita ya jukwaani: lipite mkunjo wa pili, lijaze kikombe chote cha sikio, na lichukuliwe kinywa kikiwa wazi kwa kung'ata kipande kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwanza atachungulia ndani kwa taa. Kukiwa na nta nyingi atakuambia uisafishe ndipo urudi, nawe usimsihi aendelee, kwa maana nta iliyogandamana itatokea kwenye umbo kama sehemu ya sikio lako. Kisha atasukuma polepole kipande kidogo cha sponji chenye uzi, kiwe kizuizi mbele ya kiwambo. Utakisikia kikikwaruza kwa sauti kubwa ajabu. Halafu unakuja ute wa silikoni, baridi, unaojaza sikio mpaka dunia ya upande ule inanyamaza na unabaki ukisikia mapigo ya moyo wako. Dakika chache hizo usizungumze wala usimeze mate kwa nguvu. Likitoka, litazame mwenyewe kabla hujaondoka. Umbo zuri ni laini, halina mapovu wala mpasuko, mikunjo yote miwili inaonekana, na ncha yake imejaa vizuri kuzunguka sponji. Likiwa fupi au lina kishimo upande mmoja, omba lirudiwe papo hapo, maana kurudia sasa ni dakika kumi na kurudia baadaye ni kusafirisha kifurushi ng'ambo mara mbili.

Umbo hilo lisikae kabatini nusu mwaka, kwani sikio hubadilika unaponenepa au kukonda. Watengenezaji wengi hutoa muda wa kurekebisha mkao bila malipo, mara nyingi siku 30, na mnunuzi wa Nairobi aulize kabla ya kulipa kama siku hizo zinahesabiwa tangu kifurushi kinapoondoka au kinapopokelewa, na nani analipia usafiri wa kurudisha. Aulize pia kama wanapokea umbo lililopigwa picha ya tarakimu, kwa sababu hilo hutumwa kwa intaneti na kuokoa safari moja.

Gharama, matunzo, na njia ya kati

SE215 huuzwa karibu dola 100 ng'ambo, yaani kama shilingi 13,000 kabla ya usafiri. Za kupimwa huanzia dola mia kadhaa na huweza kupita dola 2,000. Juu ya bei hiyo kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na thamani ya usafiri nayo huingizwa kwenye hesabu. Ya dukani unaweza kuipata Luthuli Avenue leo jioni ukaipiga usiku huohuo, ingawa ningekuonya ufungue sanduku na kulinganisha maandishi na viungio kabla ya kulipa, kwa kuwa bandia za majina makubwa ni nyingi. Ya dukani unaweza kumuuzia mtu, ukibadilisha ncha. Ya kupimwa huwezi kumuuzia mtu yeyote bila yeye kulipia igeuzwe ganda lifuate masikio yake, na ikipotea kwenye matatu umepoteza kitu ambacho hata mwokotaji hakimfai.

Matunzo hayatofautiani sana. Zote huuawa na nta na jasho. Pangusa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kuvaa, toa nta kwa kijiti chenye kitanzi huku tundu likitazama chini, na hifadhi ndani ya kikopo chenye kifuko cha kukausha unyevu, hasa katika miezi ya mvua. Usizioshe kwa maji. Kebo ndiyo itakayokufa kwanza, kwa hiyo chagua zenye kebo ya kuchomoka na uwe na ya akiba. Kiungio cha kebo cha pini mbili hakizunguki, kile cha duara kiitwacho MMCX huzunguka na huanza kukatakata kikichakaa.

Kati ya hizo mbili ipo njia ambayo nimeipendekeza mara nyingi kuliko zote: kununua monita nzuri ya dukani, kisha kutengenezewa ncha za silikoni laini kwa kipimo cha masikio yako. Hupati kina kilekile kikamilifu wala wembamba wa kukaa ndani ya sikio, lakini unapata mkao wako, unyumbukaji wa silikoni, na uwezo wa kubaki na ncha hizo hata ukibadilisha monita yenye shingo ya kipimo kilekile. Gharama yake ni sehemu ndogo ya jozi kamili.

Mwalimu wa kwaya mmoja wa Kasarani aliniletea swali hili mwaka jana akiwa na waimbaji wanane, mpiga dramu, wapiga gitaa wawili na mpiga kinanda, na fedha zilizochangwa kwa miezi. "Fundi," aliniambia, "nataka wote wawe na za kupimwa, nisionekane nimependelea." Nilimwomba kwanza tuwajaribu wote kwa jozi mbili za dukani na mfuko wa ncha za kila saizi, kila mtu na ncha zake mpya, waimbe wakiwa wamesimama na vinywa wazi, huku nikipiga noti moja ya chini ya gitaa la besi bila kukoma. Kila mmoja aliinua mkono noti ilipopotea. Watu tisa kati ya kumi na wawili walipata ncha iliyoshika bila shida. Mwimbaji kiongozi hakupata hata moja, kwa kuwa mifereji yake ni myembamba na ya kushoto imepinda kuliko ya kulia. Mwimbaji mwingine alishika kwa sponji pekee. Mpiga dramu alipata, lakini zilimtoka kwa jasho kabla ya wimbo wa tatu.

Tulimwagizia kiongozi jozi ya silikoni ya mfereji mrefu, na mpiga dramu jozi ya akriliki isiyo na tundu. Waliobaki walipata za dukani, kila mmoja akiwa na kikopo chenye jina lake na ncha za saizi yake, na yule wa sponji akapewa pakiti za kutosha kubadilisha kila mwezi. Fedha iliyobaki ilinunua vipokezi viwili bora na zile maikrofoni mbili za kutazama waumini. Jozi ya kiongozi ilikuja ikivuja kidogo kulia kwenye irabu ya "a". Tuliigundua siku ya nne kwa noti ileile ya besi, tukairudisha siku ya tano, na sasa anaimba nayo.